Maswali Matano ya Kibogoyo

Maswali yote matano hayakuwa na kosa hata moja, na hilo ndilo lililomfanya mwalimu aache kusahihisha.

Kwa wiki tatu alikuwa akiwafundisha watoto wa darasa la tatu kuuliza kwa Kiingereza. Aliwaeleza kwamba haitoshi kupandisha sauti mwishoni kama wanavyofanya kwao. Maneno yenyewe yanahama, la nyuma linakuja mbele. Waliitikia kwa pamoja, kisha wakauliza vilevile. Kibogoyo, binti wa miaka minane aliyebandikwa jina hilo baada ya meno mawili ya mbele kung'oka, asubuhi ileile alikuwa amenyoosha mkono na kusema, "Teacher, you are go where?"

Kazi ya nyumbani ilikuwa rahisi: tunga maswali matano, muulize mtu mzima, naye aandike majibu. Wengine waliuliza habari za chai na paka, na hata hayo waliyakosea. Kibogoyo aliuliza, kwa mwandiko wa kupinda na Kiingereza kilichonyooka kama rula: Je, bado unakwenda ofisini?

Chini yake paliandikwa kwa mkono wa mtu mzima, kwa Kiingereza pia: Hapana. Walitupunguza miezi minne iliyopita.

Unashinda wapi? Maktaba, mpaka saa kumi.

Kwa nini bado unavaa tai? Ili mama yako asijue.

Mwalimu aliweka vema, kwa kuwa sarufi ilikuwa sawa. Kisha akampigia simu baba wa mtoto.

Baba alifika saa ya mapumziko, shati limepigwa pasi, tai shingoni. Aliketi kwenye kiti cha mtoto, magoti yakamfika kifuani.

"Umeyasoma," alisema.

"Ni kazi yangu kusoma, baba."

"Naomba usimwambie mama yake."

"Kwa nini basi ukayaandika kwenye daftari la mtoto?"

Baba alitazama viatu vyake. "Mtoto aliniuliza kwa Kiingereza. Mama yake alikuwa palepale, ananipigia pasi hili shati. Hajui Kiingereza hata cha kuombea maji. Nikajibu kwa sauti, mwalimu. Mbele yake. Miezi minne nimelibeba hili jambo, siku ile nikalitua." Aliinuka. "Umemfundisha vizuri. Maswali yake yanagonga penyewe."

Mwalimu alimsindikiza mlangoni. Alikuwa ameshaelewa: baba huyu amejitungia maswali mwenyewe ili apate pa kujibia. Alikuwa ameona njia za ajabu zaidi za kutubu.

Alhamisi akawapa watoto maswali mengine matano, ingawa ratiba ilitaka wimbo wa siku za wiki.

Jumatatu Kibogoyo alisahau daftari nyumbani. Saa nne mama yake akalileta, akihema kidogo kwa kupanda ngazi.

"Habari za kazi, mwalimu?"

"Nzuri, mama. Karibu." Mwalimu alilipokea daftari na kulifungua kidogo tu, kama mtu anayechungulia chungu cha jirani. Unaogopa nini? Siku mama yako atakaponitazama kwa huruma. Akalifunga upesi na kulikumbatia.

"Vipi, mtoto anaendelea?" mama aliuliza.

"Vizuri sana. Maswali sasa ameyaweza."

"Hajayaweza," alisema mama. "Jana kaniuliza, 'You are cook what?'"

Mwalimu alicheka, kisha kicheko kikamkatikia njiani.

Mama alinyoosha mkono, akalichukua daftari kifuani pa mwalimu taratibu, kama anayepokea mtoto aliyelala. Alifungua ukurasa wa pili na kuweka kidole kwenye swali la mwisho.

"Hili nililiandika haraka, naye akanakili hivyohivyo bila alama ya kuuliza," alisema, kwa Kiingereza laini kuliko cha mwalimu. Alitoa kalamu kwenye mkoba, akaiweka alama. "Ila tafadhali, baba yake asijue. Bado hajamaliza kunijibu."