Yangeyange na Jicho la Kamera

Katika kinamasi kimoja kando ya bahari aliishi Yangeyange, ndege mwoga kupindukia. Asubuhi moja Mwalimu Tunu, aliyekuwa likizoni, alifika ukingoni akamwelekezea kamera yake ndefu. Yangeyange akatetemeka hadi kucha.

"Dada, ile ni bunduki," Mamba akamnong'oneza kutoka majini. "Njoo ujifiche nyuma yangu. Risasi haipenyi ngozi hii."

"Na wewe hutanila, kaka?"

"Kama ningetaka kukula, ningekuonya?"

Yangeyange akaona ni kweli. Akaingia majini hatua kwa hatua, macho kwa yule mwanamke.

Mwalimu Tunu akachungulia kwenye kamera ili ampige picha. Akaona kitu alichodhani ni gogo, karibu kabisa na ndege, kikifumbua jicho. Akapiga ukelele na kurusha kiatu chake majini.

Yangeyange akaruka akidhani ni risasi. Taya za Mamba zikafungana nyuma yake, zikabaki na unyoya mmoja.

Alitetemeka juu ya mkoko mpaka adhuhuri. Tangu siku hiyo, akionyeshwa adui, kwanza humtazama meno yule anayemwonyesha.