Upepo wa Ubavu

Kwa mara ya nne asubuhi ile, Mukuka aliiua ndege. Ilishika mwendo vizuri, kisha pua ikaanza kwenda kushoto. Akakanyaga pedali ya kulia kwa nguvu zote, ikayumba, ikatoka kwenye lami, na taa nyekundu ikawaka.

Hakufa mtu, kwa kuwa haikuwa ndege. Ilikuwa simulateur: kiti, usukani na saa za kila aina ndani ya sanduku la bati, katika hangari moja ya Luano, nje kidogo ya Lubumbashi. Kwenye meza ya fundi kalamu ilikuwa ikichora njia ya ndege juu ya karatasi. Mstari wa Mukuka ulifanana na mkojo wa ng'ombe anayetembea.

"Ndege ya vita inaruka yenyewe," alisema Antoine, mwalimu Mzungu aliyejifunzia Kiswahili jikoni kwa mpishi wake. "Kazi yako ni kuinyoosha ikiwa bado kwenye lami tu. Ukiniharibia tena, unarudi kusukuma mabehewa ya shaba."

Mukuka alikuwa ameshawatangazia watu wote wa mtaa wake wa Ruashi kwamba yeye ni rubani. Kurudi kwenye mabehewa kungekuwa kuvuliwa nguo sokoni. Akangoja Mzungu aondoke, akamwinamia fundi.

"Shemeji, unisaidie."

Fundi Kasimu alikuwa kaka wa Zabibu, mke wa Mukuka. Hakuinua macho. Msimu wa mvua uliopita Zabibu alikimbilia kwa wazazi, mkono umevunjwa. Mukuka akapeleka mbuzi na vitenge, baba mtu akavipokea, kisha akamwamuru Kasimu amrudishe dada yake kwa mumewe. Kasimu alimrudisha kwa miguu, akimbebea furushi. Kiwiko cha Zabibu hakikunyooka tena. Familia ilisema mambo yamekwisha, na Kasimu naye alisema yamekwisha.

"Weye unapigana nayo," alisema hatimaye. "Acha miguu ikuwe laini. Ukuye saa bengine banakula. Nitakufundisha."

Basi kila mchana, wenzao wakimega ugali wao wa bukari kivulini, shemeji wawili walibaki hangarini. Kasimu alikaa mezani, mbele ya vitufe vyake vya kuzungusha, cha joto, cha mvua, cha upepo, akimsemesha Mukuka kwa upole ambao hata mama yake hakuwahi kumpa. "Polepole. Usiikanyage sana. Njo vile." Na mstari ukaanza kunyooka.

"Umeweka upepo?" Antoine aliuliza kila alipopita.

"Iko, patron."

Lilikuwa swali la maana. Kiangazi kikianza, upepo wa Luano huipiga ndege ubavuni pale pale inaposhika mwendo. Mwaka uliotangulia upepo huo ulimtoa kijana mmoja kwenye lami. Jeneza lake walilibeba watu wawili, wala hawakuchoka.

Chileshe, mwanafunzi hodari kuliko wote, bado alitoka kwenye sanduku shati limemganda mgongoni. "Hii mashine iko na roho mubaya," alinung'unika. Mukuka alitoka mkavu, anacheka. Akafikia hata kumfundisha Chileshe kazi: miguu laini, ndugu yangu, miguu laini.

Furaha ilimlainisha mtu yule. Alimpelekea Kasimu kuku, akamwita kaka mbele za watu. Siku moja Zabibu alimsimamisha kaka yake mlangoni.

"Sikuizi hanipige," alisema. "Unafanya kazi muzuri na yeye. Aksanti."

Kasimu alikitazama kile kiwiko. Akamwambia arudi ndani, jua ni kali.

Siku ya mtihani, kiangazi kimeshaanza, Major mwenyewe, mkuu wa kikosi, alikuja. Mukuka aliingia, akakimbiza ndege, akaipaisha. Mstari ulinyooka kama uzi wa mwashi. Antoine aliigeuza karatasi huku na huku akitafuta kosa, akalikosa.

"Jumamosi iko sikukuu ya Chama," alisema Major. "Citoyen Mukuka ataruka mbele ya gavana na muji yote."

"Mimi nitakaa nyuma yake nimwelekeze kwa mdomo," alisema Antoine. "Ndege ina viti viwili."

"Hapana. Siku ile Chama haitaki kuona Muzungu mu ndege. Bana ba Zaïre babili, mbele na nyuma."

Antoine aliinua mabega. Wa nyuma hana usukani, alisema, ni mzigo tu, mwekeni yeyote. Wote wakamgeukia Chileshe, na Chileshe akaanza kufunga vifungo vya shati lake.

Mukuka alimvuta Major pembeni, wakanong'ona kitambo. Major akacheka, akampiga begani. Kisha Mukuka akaja hadi kwenye meza ya fundi, machozi yanamlengalenga, na hakuona haya.

"Shemeji, nilikosa kwenu. Najua. Mbuzi haitoshe kwa mambo nilifanya." Akamshika shingoni kwa mikono miwili. "Ile kiti ya nyuma, nimekuombea weye. Major amekubali, na jina yako itapita mu radio leo. Baba yako na Zabibu bataikala mbele kabisa, bakuone."

Hangari nzima ilipiga makofi. Major aliunyakua mkono wa kuume wa Kasimu, akautikisa na kuutikisa. Ule wa kushoto ulibaki mezani, umekifunika kitufe cha upepo, kilichokuwa kwenye sifuri kila mara Mukuka alipoingia kwenye sanduku.