Shahidi wa Enoch Safford

Tamsin Safford alipomwambia babu yake kwamba Azor Trefry yu hai, kijiko kilimponyoka mzee kikatumbukia kwenye supu ya chewa.

"Nilikwambia uwaache wafu walale," alinong'ona.

"Si mfu, babu. Haoni, na masikio yake mazito, lakini anakula kunishinda mimi. Alhamisi anakuja mahakamani."

Mzee Enoch alinong'ona siku zote. Watu wa Corbet, mji wa wavuvi pwani ya Massachusetts alikofika akiwa mgeni baada ya vita, walisema sauti yake iliibiwa na meli gereza ya Waingereza, miaka hamsini nyuma, vita vya uhuru wa Marekani vilipokuwa vimepamba moto. Hata watoto watukutu hawakumwigiza. Mtu aliyetoka hai ndani ya meli ile walimhesabu kama aliyefufuka.

Lakini heshima haichemki chunguni. Mashua ya familia ilizama pamoja na baba yake Tamsin, na mkutano wa mji ulikuwa umekaribia. Hapo Corbet iliwanadi maskini wake, tena kinyumenyume: aliyekubali kulipwa kidogo kuliko wote ndiye aliyekabidhiwa mzee wa kumtunza. Mshindi alikuwa Gideon Prowse kila mwaka, na wazee wake walilala zizini na ng'ombe. Majira ya baridi yaliyopita wawili waliganda humo wakafa.

Njia ilibaki moja. Serikali ilikuwa imeanza kuwalipa wazee wa vita, mradi mzee aeleze utumishi wake mbele ya hakimu na apatikane mtu aliyekuwa naye. Enoch hakutaka hata kusikia. Basi Tamsin akajifunga kibwebwe, akaenda bandari kwa bandari akiulizia. Kikosi cha babu alikijua, kile cha wavuvi waliowavusha wenzao mto wenye barafu. Meli aliyohamia baadaye, ya kuwinda meli za adui, aliijua pia. Kuhusu gereza, babu alimwambia jambo moja tu, siku aliyozidisha ramu.

"Kifuniko cha tumbo la meli, walimofungiwa, kikifunguliwa alfajiri, mvuke ulipanda kama wa chungu. Halafu zile nyuso, mama. Zote zinatazama juu."

Tamsin alilia sana kwa ajili yake, na hakuuliza tena.

Tamsin alikuwa amemkuta Azor nyumbani kwa binti wa mzee huyo, akisokota kamba kwa kupapasa.

"Enoch Safford?" Azor aliushika mkono wa Tamsin akauminya. "Mdogo wangu yule! Tulikuwa na blanketi moja na chawa wetu wa shirika. Homa ikamshika, wakambeba kwenda meli ya wagonjwa, na kutoka huko hatukuona mtu akirudi. Kumbe mwenyewe alirudi, mshenzi yule, na hata salamu asitume." Alikuwa akicheka huku machozi yanamtiririka. "Nipeleke, binti. Hata kwa miguu."

Alhamisi chumba cha mahakama kilijaa. Gideon Prowse alikaa mbele, akitafuna tumbaku. Azor alisimulia yote: kikosi, mto, meli, siku waliyotekwa. Hakimu alionekana kuridhika.

"Ila huoni, Mzee Trefry. Utamtambuaje?"

"Kwa sauti, mheshimiwa. Kule chini kulikuwa giza tupu, tulijuana kwa sauti. Aseme neno tu."

Enoch alinong'ona jina lake. Azor akatega kiganja sikioni.

"Sijasikia. Paza sauti, ndugu yangu. Ni mimi, Azor."

Enoch alitikisa kichwa. Hakimu alisubiri, kisha akasema kwamba kwa hali hiyo hawezi kuupokea ushahidi.

"Mnachoshana bure," alisema Prowse. "Mimi nimeshamtandikia majani makavu. Ng'ombe wangu hawakoromi."

Watu wachache walicheka. Tamsin alipiga magoti mbele ya babu yake, akaishika mikono yake.

"Babu, nakuomba. Mara moja tu. Nitafia mlangoni pa zizi lile nikijua umo ndani."

Mzee alimtazama. Alimpenda msichana yule kuliko kitu chochote alichobakiwa nacho, na zaidi ya hili hakuwahi kumnyima kitu. Alimpapasa shavu, kama mtu anayeaga. Kisha akasimama, akavuta pumzi, na kwa mara ya kwanza maishani Tamsin akaisikia sauti ya babu yake. Ilikuwa nzito, nzima, haina mkwaruzo, ikajaza chumba mpaka kwenye boriti.

"Azor Trefry! Niko hapa!"

Tamsin aligeuka kwa furaha kumtazama shahidi wake. Azor alikuwa akirudi nyuma, viganja vimefunika kichwa, mpaka mgongo wake ukagonga ukuta.

"Huyo siye Enoch," alisema. "Huyo ndiye aliyekuwa akitufungulia kifuniko kila alfajiri na kupiga kelele: 'Waasi, toeni maiti wenu!'"