Hodi ya Tatu

Jitu la pembe mbili lilisimama mbele ya nyumba ya kwanza, na Tunu akasema, "Hodi."

Zawena, binti wa kaka yake, aliyeutengeneza mchezo huo wa simu kwa picha za vidoti kama michezo ya zamani, aliangua kicheko. "Shangazi, humu wewe ndiye adui! Jitu halibishi hodi."

"Na wenyewe wakiwa wanakula?"

"Bonyeza hapo tu."

Tunu akabonyeza. Mlango ukasambaratika, vijitu vya mrabamraba vikatimua mbio. Akawaomba radhi. Mlango wa pili aliuvunja bila kuomba radhi. Wa tatu aliuvunja akicheka mpaka kanga ikamdondoka begani.

Jitu lilipofika mlango wa nne, sauti iliita nje ya nyumba yao wenyewe. "Hodi! Tunu mwenzangu, nimefuata ile sufuria yako kubwa."

Alikuwa Bi Raya, jirani. Kila alasiri huja kuiazima, na kila asubuhi huirudisha na ukoko ulioungua, Tunu akaisugua huku akitabasamu. Siku zote "karibu" humtoka kabla hodi haijaisha. Leo kidole kilibaki juu ya kitufe.

"Hodi!"

"Shangazi, hujasikia?" Zawena alinong'ona.

"Nimesikia."

Ikaja hodi ya tatu, na asiyejibiwa mara tatu huondoka. Ndara zikaburuzika, zikaishilia mbali. Tunu akashusha pumzi kama aliyetua ndoo.

Kwenye kioo cha simu, jitu lilikuwa bado limesimama nje ya mlango uliofungwa, na ndani taa inawaka.