Vidole Vitatu

Fundi Machano alifungua mtungi wa gesi ya naitrojeni, na mguu wa mbele wa ile ndege ndogo ukainuka polepole. Akapima chuma kilichochomoza: vidole vitatu, kipimo sawasawa cha kuruka.

"Tumpakie mgonjwa?" akauliza rubani.

Mgonjwa alikuwa Kidawa, mkewe Machano, amelazwa kwenye machela kando ya ndege, pumzi zikimkatika.

Machano akainama kuutazama mguu. Mpira wa kuzibia gesi ndani yake ulikuwa umepasuka, gesi inatoka na povu la mafuta, na mpira mwingine haukuwapo mji mzima. Akajaza tena. Mtungi ukakoroma, ukanyamaza. Vidole viwili. Kimoja. Kwa mguu huo hakuna kuruka.

Pua ya ndege ikainama.

Kidawa akatabasamu. "Tazama, baba Rehani. Inanipigia magoti nipande."

Machano akaukumbatia ule mguu kwa mikono miwili, akausukuma juu.