Upande wa Mama

Witness alikuwa amejibana chini ya meza ya duka, mikono masikioni, akigonga kisogo kwenye mbao. Lori lilikuwa limepiga honi ndefu pale njia panda ya Mkiwa. Emiliana alizima redio, akakinga kichwa cha binti yake kwa kiganja, akasubiri.

Haya yote alifundishwa na mumewe. Mtoto alipokuwa na miaka miwili, kabla mwalimu hajawatajia neno usonji, Leonard alikwisha kupandisha komeo la mlango juu asilifikie. Alijua kumviringisha shuka kwa kubana mpaka atulie. Alijua kwamba mchuzi ukigusa ugali, mtoto hali tena siku hiyo. Majirani walisema wanaume wa namna hiyo hawazaliwi siku hizi.

"Umeyajulia wapi?" Emiliana aliwahi kumuuliza.

"Mwanangu nimjulie wapi tena? Namwangalia tu."

Mwalimu alipotaka kujua kama kuna mwingine mwenye hali hiyo kwenye ukoo, Leonard alijibu wa kwanza. "Kwetu hakuna."

Emiliana akabaki na upande mmoja tu wa kutafuta. Alikwenda Mtinko kumbana mama yake mzazi: alimficha nani? Mama aliapa hajaficha mtu. Hakumwamini. Aliondoka bila kuaga, na sasa ulikuwa mwaka wa nne hawajasalimiana. Siku aliporudi, Leonard alimshika mkono. "Usijitese, mke wangu. Damu haichaguliwi. Mimi nilishakusamehe." Naye alimshukuru.

Asubuhi hii dada yake, Catherine, alikuwa amepiga simu.

"Mama amelazwa. Hali si nzuri. Anakuulizia wewe tu."

"Mwambie kwanza aseme ukweli."

"Ukweli gani, Emi? Mtu anakufa."

Emiliana akakata simu.

"Hodi wenyewe!"

Mlangoni alisimama mama mkwe, Bibi Magdalena, na kuku wawili kwenye kikapu. Alikuwa ametoka Ulemo bila kumtaarifu mtu. Tangu ubatizo wa Witness hakuwahi kufika, wala Emiliana hakuwahi kulala Ulemo hata siku moja. Leonard alisema watu wa kule wangemcheka mtoto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mumeo yuko wapi?"

"Amefuata mzigo Singida. Mama, utusamehe, mtoto yuko…"

Bibi hakuwa akisikiliza. Alitua kikapu, akavua kandambili, akaingia chini ya meza kwa magoti yake mabovu. Hakumtazama mtoto. Hakumshika. Aligeuka tu, akauegemeza mgongo wake kwenye mgongo wa mjukuu, akaanza kuvuta pumzi ndefu, moja baada ya nyingine, kama mtu aliyetoka kupanda mlima. Kichwa cha Witness kilipunguza kugonga. Kikaacha.

"Akiwa hivi usimwite jina," Bibi alisema kwa sauti ya chini. "Na wewe acha kuhangaika, utanitisha hata mimi."

Emiliana alichuchumaa. Alitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

"Mama, hilo la mgongo umelijulia wapi?"

"Kwa Ezekieli, wapi tena."

"Ezekieli yupi?"

Bibi alicheka, akidhani anataniwa. "Wewe naye! Shemeji yako, kaka yake Leonard. Nimemwacha kwa jirani, ndiyo maana leo silali. Tena mwambie mumeo mwisho wa mwezi akija kumnyoa ndevu abebe wembe mpya. Tangu wakiwa wadogo hakubali mkono wa mtu mwingine."