Zamu ya Enock

Mama Emiliana aliificha simu ya mwanawe Semboja kwenye debe la unga wa dona. Kijana aliipata saa mbili asubuhi baada ya kupekua nyumba nzima, akaipangusa kwa shati, akaiwasha. Ujumbe wenye namba ya siri ya chuo ulikuwa bado upo. Leo ilikuwa siku ya mwisho ya kuthibitisha nafasi.

Vyuo viwili vilikuwa vimempokea, kimoja sheria, kingine kilimo. Mwingine angeshazunguka kijiji chote cha Kwaluguru akiringa. Semboja alikuwa na siku tatu hajapata usingizi wa maana, kwa sababu mama yake alikuwa ameapa kwamba akisoma sheria asimwite mama tena.

"Mama, simu kwenye unga?"

"Soma kilimo, mwanangu." Mama hakuacha kuchambua maharage. "Ardhi tunayo. Hiyo sheria waachie wengine."

"Na Enock je?"

"Enock ameshazoea."

Maneno hayo yalimuuma kuliko kofi. Kaka yake alikuwa amemaliza miaka tisa gerezani, bado kumi na mmoja, na tangu Pasaka alikuwa na kikohozi kisichosikia dawa. Mama gani huyo anayesema mwanawe amezoea jela? Semboja alitaka kumjibu vibaya, akajizuia. Alichukua bahasha yake akatoka bila kuaga.

Ndani ya bahasha kulikuwa na nakala ya hukumu. Aliifuata mwenyewe mahakamani mwezi uliopita, na alikuwa ameisoma mpaka karatasi zimeanza kukatika kwenye mikunjo. Kwa mujibu wa hukumu, moto ulianzia kwenye dungu la shamba lao, lile jukwaa la miti ambapo mlinzi wa mahindi hukaa siku nzima kufukuza ngedere kwa kombeo na moshi. Upepo ukaupeleka kwenye nyumba ya jirani, mzee Sadala, na mzee alikuwa amelala ndani, akafia humo. Wiki moja kabla, yeye na Enock walikuwa wamegombana kwa ajili ya mbuzi walioingia shambani. Zamu ya kulinda siku hiyo ilikuwa ya Enock. Na Enock alikiri jioni ileile, mbele ya mwenyekiti wa kijiji, hata kabla hajaulizwa mara ya pili.

Semboja aliamini alikiri kwa woga. Watu walikuwa wamemzunguka na mapanga, nani asingekiri?

Semboja mwenyewe wakati huo alikuwa na miaka kumi tu. Jioni hiyohiyo alipelekwa kwa shangazi yake, kijiji cha Mashewa, akakulia huko, kesi hakuisikia wala hakuna aliyependa kumsimulia. Lakini alikuwa na jambo moja ambalo hakimu hakulijua, na leo alikuwa analipeleka kwa Enock mwenyewe.

Siku zote alikwenda gerezani pamoja na mama yake, na mama alizimaliza dakika zote kwa habari za mbuzi na za binamu walioolewa. Leo alikwenda peke yake kwa mara ya kwanza.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mama yuko wapi?"

"Hajui kama nimekuja."

Enock alikaa upande wa pili wa wavu. Alikuwa amepungua, kola ya shati ilimzunguka shingo bila kuigusa. Askari alivuta kiti akakaa karibu nao, kama kawaida.

"Leo nathibitisha sheria," Semboja alisema. "Nitasoma, halafu nitakutoa humu."

"Chagua kilimo."

"Mmepanga na Mama?"

"Chagua kilimo, Semboja. Nakuomba."

Katika miaka yote tisa Enock hakuwahi kumwomba kitu, hata sabuni. Semboja alihisi machozi yanamjia, na aliona aibu kulia mbele ya askari.

"Ninyi wote mmekata tamaa. Mimi bado," alisema. "Nimesoma hukumu. Wanasema ulikuwa zamu. Hukuwa zamu, kaka, mimi nakumbuka. Alfajiri ulipakia machungwa kwenye baiskeli ukaenda Korogwe. Uliniachia kombeo lako, ukaniahidi kuniletea mpira. Uliporudi nyumba ya mzee Sadala ilikuwa imeshaungua. Nimemtafuta Peter, yule uliyekuwa unauza naye. Yuko tayari kuapa kwamba mlishinda wote sokoni. Mtu hawezi kuwasha moto Kwaluguru huku yuko Korogwe. Hiyo rufaa tunashinda."

Enock alifumba macho. Kikohozi kilimshika, kikamwinamisha, na kilipomwachia alibaki ameinama hivyohivyo.

"Nani mwingine umemwambia?"

"Peter tu, na yeye nimemwuliza habari za sokoni basi. Mengine nitayasema mwenyewe mahakamani."

"Dakika mbili," alisema askari.

Enock alisogea mpaka paji la uso likagusa wavu. Alipenyeza vidole, akashika vidole vya mdogo wake, akavibana. Kisha akaacha Kiswahili, akaongea polepole kwa Kishambaa, lugha ya nyumbani, ili askari asielewe.

"Na jaji akikuuliza dunguni alikuwa nani, mdogo wangu, utamjibu nini?"